Bi Redio na Tangi la Chini

Jina la Bi Redio lilimpata kibandani kwa baba yake, enzi zile akikaa kwenye kiti miguu haifiki chini. Baba alikuwa fundi redio, mtu wa maneno machache. Akiletewa redio iliyonyamaza hakuwa na haraka ya kuifungua. Aliiweka sikioni, akaitikisa kidogo kama mtu anayepima yai, halafu akamwambia mwenye nayo, "Haijafa hii, imechoka tu. Njoo jioni." Binti akawa anakaa pembeni akishika koleo na waya wa risasi wa kulehemu, moshi unamwingia machoni, na akili yake inazunguka kwenye jambo moja: sauti ya mtu aliye mbali imepitaje ukutani bila kutoboa tundu?

Swali hilo hakulipatia jibu la kumtosha, ila lilimlea. Baba alipofariki, kibanda kikachukuliwa na kinyozi, naye akapata kibarua kwenye kampuni ndogo ya kupima ardhi. Walimwita aunganishe nyaya zilizokatika kwenye mashine yao moja, arudi zake nyumbani. Aliunganisha. Akauliza hii nayo ni redio gani isiyotoa sauti. Wakamwonyesha. Hakurudi nyumbani mapema siku hiyo, na ukweli ni kwamba hadi mvi zimemwota pembeni mwa kilemba bado hajaondoka kwenye kazi ile.

Mashine yenyewe ukiiona utasema ni kigari cha kumbebea mtoto ambacho mtoto wake ameshushwa. Ina magurudumu, mpini wa kusukumia, skrini juu, na chini kisanduku kinachokaribia kulamba ardhi. Kisanduku hicho kinatuma mawimbi ya redio udongoni, kisha kinatega sikio. Mawimbi yakikutana na bomba, au jiwe, au ukuta wa zamani uliofukiwa, yanarudi juu, na kwenye skrini kinatokea kitu mfano wa unyusi. Bomba ni unyusi. Paa la chumba kilichozikwa ni mstari mnene ulionyooka. Bi Redio alikuwa anasukuma kigari chake taratibu, mstari baada ya mstari, kama mtu anayedeki ukumbi, na watu waliokuwa wanampita walidhani mama wa watu kapungukiwa.

Kuna jambo moja la kazi hii ambalo lazima lieleweke, maana ndilo lililoleta balaa. Mashine haijui kina. Inajua muda tu: mawimbi yametoka saa ngapi na yamerudi saa ngapi. Mpimaji ndiye anayeiambia mawimbi yanakwenda kwa mwendo gani kwenye udongo wa mahali pale. Udongo mkavu, yanakimbia. Udongo uliolowa, yanajikokota kama mtu anayevuka matope huku viatu kavishika mkononi. Kwa hiyo kabla ya kazi wanachimba kishimo, wanapigilia nondo ubavuni mwake, wanapima kwa futi imezikwa kiasi gani, halafu wanapitisha kisanduku juu yake. Nondo inatokea kwenye skrini, mpimaji anarekebisha mwendo mpaka kina cha skrini na cha futi vilingane. Ni kazi ndogo, haichoshi. Ndiyo maana ni rahisi kuiruka.

Sasa palikuwa na kiwanda cha zamani cha kukamua mafuta, kimebomolewa, kimebaki uwanja mpana wenye kifusi na ukuta wa upande mmoja. Palitakiwa yajengwe maghala. Bi Redio aliitwa apime kabla mashine za kuchimba hazijaingia, kwa sababu kiwanda cha namna ile hakikosi vitu vilivyofukiwa chini.

Na dereva wa katapila hakuwa mwingine ila mume wa mdogo wake.

Huyu shemeji alikuwa mtu wa maneno, akianza humzimi. Kila alipomwona Bi Redio na kigari chake alipaza sauti uwanja mzima usikie.

"Shemeji! Mtoto kalala?"

"Kalala. Usimwamshe na midomo yako."

"Mimi nasema hivi, tuambiane ukweli. Hicho kigari kinaona chini, au wewe unatembea tu upunguze mwili?"

"Kinaona. Hata zile soksi zako zilizotoboka naziona humu."

"Eh, hizo kamuulize mdogo wako, ndiye fundi cherehani ndani ya nyumba!"

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mdogo mtu alipoolewa, Bi Redio alimwangalia bwana huyu mara mbili mbili, akamwona ana makelele mengi. Baadaye akagundua kwamba makelele yale ndiyo yaliyomrudishia mdogo wake kicheko alichokuwa amekipoteza. Tangu hapo akampenda kama aliyezaliwa naye tumbo moja, ingawa hakuwahi kumwambia.

Nusu ya kwanza ya uwanja, upande wa geti, aliipima siku ya jua kali. Alipiga nondo yake, akaseti mwendo, akafanya kazi safi. Kisha ikanyesha mvua, mvua ya kumwaga, mchana na usiku, mpaka barabara zikageuka mito. Ilipokatika, alirudi akamalizia nusu ya pili. Juu palikuwa pameshaanza kukauka, jua limetoka, na mhandisi wa ujenzi alikuwa anamsubiri na ramani yake. Bi Redio aliwasha mashine, akaikuta imeshika mwendo ule ule wa siku ya jua, akaanza kusukuma. Nondo hakupiga.

Katika nusu hiyo alikuta tangi. Kubwa, la zege, limegawanywa na ukuta katikati. Skrini ikamwambia paa lake limezikwa kina cha kimo cha mtu mzima. Akamwambia mhandisi, "Lipo, ila liko chini mno, lina udongo wa kutosha juu yake. Katapila linaweza kupita." Mhandisi, kijana mstaarabu asiye na makuu, akaandika, akashukuru.

Asubuhi ya kuchimba, Bi Redio alikuwa kwenye kibanda cha mabati anaunganisha picha za nusu mbili ziwe moja. Nje alisikia katapila likiunguruma, na sauti ya shemeji ikimtania mlinzi. Akawa anafuata kwa kidole mfereji mmoja wa zege uliokatisha uwanja wote, kutoka getini hadi kwenye ukuta uliobaki. Mfereji ulikuwa unakwenda umenyooka, umenyooka, halafu ghafla ukazama. Haukuteremka kidogo kidogo kama mfereji unavyotakiwa. Ulizama kama mtu aliyekosea ngazi, kisha ukaendelea huko chini umenyooka tena.

Akakunja uso. Hakuna fundi anayejenga mfereji wa namna hiyo. Akaangalia pale ulipozamia. Palikuwa ni pale pale alipoishia kabla ya mvua.

Akasogeza uso kwenye skrini.

Mfereji haukuzama. Maji ndiyo yaliyoingia udongoni, mawimbi yakachelewa kurudi, na mashine, ambayo hakuna aliyeiambia kwamba kumenyesha, ikadhani yametoka mbali. Vitu vyote vya nusu ya pili vilikuwa juu zaidi ya alivyosema. Na tangi lilikuwa nusu ya pili.

Aliangusha kiti akatoka mbio. Mwanamke wa makamo, mwenye viatu vizito vya kazi, akaruka kifusi kama mbuzi. Katapila lilikuwa limeshafika katikati ya uwanja, linakwenda zake polepole, minyororo inasaga changarawe. Akainua mikono akaikunja juu ya kichwa, ile alama ya simama hapo hapo.

"Zima! Shemeji, zima!"

Shemeji alimwona. Akacheka, akainua mkono kama anayejibu salamu. Halafu pakasikika mlio, si mkubwa, kama mtu amevunja kuni chini ya blanketi, na mnyororo wa kushoto ukadidimia. Katapila zima likalala upande, mkono wake mrefu ukayumba, likasimama likiwa limeinama. Injini ikazimwa.

Udongo ukawa unasikika ukimiminika mahali fulani chini, chururu, chururu, kama mchele unaomwagika kutoka kwenye gunia.

"Usitoke!" Bi Redio alipiga kelele. "Kaa hapo hapo ulipo, usifungue mlango!"

Maana mlango wa dereva ulikuwa kushoto, na kushoto ndiko kulikovunjika. Nyufa zilikuwa zimeanza kutambaa juu ya udongo zikielekea nyuma ya katapila.

Mhandisi alifika anahema, simu sikioni. Aliita winchi ya kumnyanyulia mtu. Akaikata simu na uso umempauka. "Wanasema iko ng'ambo ya mji. Mpaka ifike ni baada ya adhuhuri."

Wote wawili wakasikiliza chururu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba adhuhuri ni mbali.

"Shemeji," ilitoka sauti kwenye kibanda cha dereva, bado imejilazimisha utani, "mbona mmenyamaza kama mnaninunulia sanda?"

"Tunafikiri."

"Fikirieni kwa sauti basi. Si nitoke kwa dirisha la nyuma? Nimepita huko huko nikija, pamebeba chuma chote hiki, mimi kilo zangu chache patashindwa kunibeba?"

"Palibeba kabla paa halijapasuka. Sasa sijui palivyo. Ngoja nijue."

Njia ilikuwa moja. Lile tangi lilikuwa na ukuta katikati, na ukuta huo ulipita mahali fulani nyuma ya katapila. Juu ya ukuta paa haliwezi kuvunjika kirahisi. Wakiupata, watalaza mbao ndefu za waashi juu yake hadi kwenye mkia wa katapila, na shemeji atembee hapo hapo, asikanyage pengine. Wakiukosa, watakuwa wamemtandikia njia ya kumpeleka shimoni.

Kusukuma kigari juu ya paa lile hakuwezekani, mtu asingekanyaga. Bi Redio akakifungua kisanduku kutoka kwenye magurudumu, skrini akabaki nayo, waya mrefu ukiviunganisha. Mlinzi, mwenye nia njema, akaleta karai akisema kitie humu ukivute.

"Chuma hicho, baba. Kitaziba mawimbi. Nitafutie plastiki."

Wakapata mfuniko wa tangi la maji la plastiki. Akakifunga kisanduku juu yake, akafunga kamba pande mbili, na kwenye kamba akafunga vipande vya kitambaa vya rangi tofauti alivyochana kwenye mtandio wake wa marangirangi, ajue kisanduku kimefika wapi. Mhandisi akazunguka mbali hadi ukingo wa pili wa tangi. Mmoja atavuta, mwingine atalegeza.

Mhandisi alikuwa ameshaanza kuvuta alipopigiwa kelele asimame.

"Bado! Nondo kwanza."

"Mama, muda huo tunao?"

"Hatuna. Nondo kwanza."

Akapiga magoti kwenye kishimo kilichokuwa karibu, akapigilia nondo kwenye udongo uliolowa, akapima kwa futi, akapitisha kisanduku. Alipoandika mwendo mpya, picha ya juzi ikajipanga upya mbele ya macho yake. Paa la tangi likapanda. Likapanda kutoka kimo cha mtu mzima, likapita kifua, likapita kiuno, likaja kusimama karibu na magoti. Hapo akajua kwa hakika alichokuwa amekifanya.

"Shemeji!" Sauti ya kwenye kibanda ilikuwa imepungua chumvi. "Juzi si ulisema hapa pana udongo mwingi? Nilikusikia kwa masikio yangu."

Mhandisi, kule ng'ambo, akamtikisia kichwa Bi Redio. Usimwambie sasa. Na kweli, mtu uliyemkalisha juu ya shimo ukamwambia aliyemkalisha ni wewe, atakuamini vipi ukimwambia nifuate huku? Bi Redio alisimama na kamba mkononi. Lakini yule aliyekuwa ndani ndiye angekanyaga zile mbao, wala si mhandisi wala si yeye. Akaona hawezi kumkanyagisha mtu kwenye neno lake huku amemficha kwamba neno lake la juzi ndilo lililomzamisha.

"Nilisema," akajibu. "Nilikosea. Mvua ilinyesha na mimi nikapima kama vile ardhi ni kavu. Tangi liko juu, si chini. Kosa ni langu."

Udongo chururu.

"Sasa shemeji," ilitoka sauti, ndogo, isiyofanana na mwenyewe, "unataka nipite kwa kipimo cha mashine hiyo hiyo iliyokosea?"

"Mashine haikukosea. Nilikosea mimi."

"Ndiyo unanipa moyo hapo?"

"Sikupi moyo. Nakwambia ilivyo. Leo nimepiga nondo. Nikiuona ukuta nitakwambia nimeuona, nisipouona nitakwambia sikuuona, na tutasubiri winchi. Umenisikia?"

Sauti ya ndani ikasema: "Vuta hiyo kamba yako."

Wakavuta. Mfuniko ukateleza juu ya udongo, kitambaa hadi kitambaa. Skrini ilijaa mistari ya mshazari iliyonyooka kama fimbo. Hilo lilikuwa katapila lenyewe, chuma chake kinarudisha mawimbi kwa fujo. Bi Redio akafumba jicho moja kama baba yake alivyokuwa akifumba, akaiacha mistari ya mshazari, akafuata ule mnene uliolala. Paa. Paa. Chini yake weusi wa uwazi. Paa. Weusi. Kitambaa kingine. Weusi.

"Umeuona?" mhandisi akauliza.

"Bado."

Simu ikalia ndani ya kibanda. Shemeji akapokea, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kila siku. "Naam, mke wangu... Hapana, nimekaa tu, tumepumzika kidogo... Dada yako? Yupo, anavuta kamba... Kamba! Nitakueleza... Haya." Akakata. Hakuna aliyecheka. Bi Redio macho yalitaka kulowa, akayafuta kwa mkono wa shati maana alikuwa anayahitaji.

Wakavuta mstari wa pili, karibu zaidi na katapila. Ufa mmoja ukapanuka mbele ya macho yao, ukameza changarawe. Mhandisi akasita.

"Usisimame! Vuta taratibu, ila usisimame."

Paa. Weusi. Weusi. Halafu mstari mnene ukakatika, na chini yake weusi haukuwepo. Kikawa kijivu kigumu, chembamba, kinashuka chini moja kwa moja. Kikapita, weusi ukarudi.

"Rudisha kidogo," alinong'ona, kisha akakumbuka mhandisi hasikii. "Rudisha! Kidogo! Hapo!"

Kitambaa cha kijani. Wakavuta mstari wa tatu ili wahakikishe ukuta hauendi upogo. Ukatokea tena kwenye kitambaa kilekile cha kijani. Bi Redio akageukia katapila.

"Shemeji, nimeuona."

"Kweli au unaniliwaza?"

"Nimeuona."

Mbao zikasukumwa kutoka ukingoni, moja ikifuata nyingine, zikipita juu ya kijani hadi zikagusa mkia wa katapila. Zilikuwa nyembamba kuliko mtu angependa. Dirisha la nyuma likafunguka. Ukatoka mguu, kisha mguu wa pili, na shemeji akajiburuta juu ya boneti la injini kwa tumbo, shati limepanda, jitu zima linaogopa kama mtoto juu ya mti. Katapila likaguna. Akagandamana nalo.

"Shuka," Bi Redio akamwambia kwa upole. "Usiruke. Ning'inia kwa mikono, uushushe mguu."

"Siuoni ubao."

"Mimi nauona. Kulia kidogo. Kulia kwako. Sasa teremsha."

Kiatu kikagusa ubao. Ubao ukapinda, ukatulia. Akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili, akasimama mikono ameitanua.

"Njoo kwangu. Niangalie mimi, usiangalie chini."

Akaja. Hatua moja, anasimama. Hatua nyingine, anameza mate. Upande wake wa kushoto udongo ukaporomoka kipande kizima, pakatokea tundu jeusi linalonuka mafuta ya zamani. Hakugeuka. Alikuwa amemkazia macho Bi Redio kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ukuta ukashika. Alipofika ukingoni Bi Redio na mlinzi wakamdaka wakamvuta hadi kwenye ardhi ngumu, na nyuma yao katapila likalala zaidi, likatoa mlio mrefu wa chuma, upande wake wa kushoto ukazama hadi dirishani. Vumbi likapanda. Mlango wa dereva haukuonekana tena.

Vumbi likatulia. Mhandisi alizunguka akarudi, akamshika shemeji bega, akaenda kupiga simu. Bi Redio alibaki amesimama na mikono imemning'inia. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo kwa kazi aliyotaka kulituma.

Shemeji alimwangalia muda mrefu.

"Shemeji," alisema mwishowe.

"Nakusikia."

"Nina maneno mawili ya kukwambia, moja la shukrani na moja baya sana." Akajishusha chini kwenye changarawe. "Ila ngoja nikae kwanza. Sijui lipi litangulie."

"Kaa," Bi Redio akasema. "Yote mawili nitayasikiliza."

Akaketi kando yake, hapo hapo chini, akasubiri.